Sura ya Aniello Kando ya Mitungi

Aniello Vitiello alikuwa mlinzi wa magofu ya Pompei, mji wa kale uliofukiwa na majivu ya volkano pamoja na watu wake, kwa miaka kumi na miwili. Binti yake, Nunziata, aliolewa Buenos Aires, akazaa mtoto ambaye hakuwahi kumwona babu yake. Ndiyo maana Don Saverio, mpiga picha kutoka Napoli, alipotafuta mtu wa kukaa kando ya mitungi ya duka la kale ili ukubwa wake uonekane, Aniello alijitolea. Alichoomba ni nakala moja ya picha. Jumamosi binamu wa Pascale, mlinzi mwenzake, angepanda meli kwenda Buenos Aires na angeibeba.

Jua liliingia dukani karibu na adhuhuri tu. Don Saverio alikuwa amebakiwa na kioo kimoja tu cha kupigia picha. Alikipaka dawa ndani ya hema lake lenye giza, akakileta kingali kibichi.

"Usitikisike mpaka nihesabu ishirini, Mzee Aniello. Ukicheza, unafutika."

"Nimeshinda na maiti wa majivu miaka yote hii, Don Saverio. Kutulia wamenifundisha."

"Angalia usikosee, Don Saverio," Pascale akadakia, akilitazama tumbo la mwenzake. "Mtungi ni ule usio na kofia."

"Wewe, nenda kalinde mijusi wako!"

Don Saverio akafungua kamera, akaanza kuhesabu. Alipofika nne, kengele ya adhuhuri ikalia kanisani Scafati, mji wa jirani, kuwaita watu wasali. Mkono wa Aniello ukavua kofia, kichwa kikainama, midomo ikaanza sala ya Salamu Maria. Pascale naye alikuwa ameshavua yake.

"Ungengoja kidogo tu!" Don Saverio akasema, akiifunga kamera.

"Nimngojeshe Mama wa Mungu?"

Ijumaa nakala ilifika. Mitungi ilionekana vizuri, hata nyufa zake. Mabega ya Aniello yalikuwepo, na juu yake ukungu mweupe.

Aniello aliipeleka sokoni kwa mwandishi wa barua, naye akaigeuza huku na huku.

"Subiri nyingine. Huyu hana uso."

"Don Saverio harudi mpaka masika. Na meli ni kesho."

"Mtoto ataona nini sasa?"

Aniello aliirudisha picha mezani.

"Mwandikie Nunziata kwamba kengele ya adhuhuri ililia," akasema. "Atamweleza mwanawe."

Mwandishi akachovya kalamu kwenye wino, akaandika.