Picha za Vita za Baba na Mkasi Wangu

Kuna siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na si kwa sababu ilikuwa nzuri. Ni siku niliyochukua mkasi nikaikata picha ya baba yangu, yaani babu yenu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona nimeshaimaliza dunia. Wanasema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wangu nashukuru hauwezi kurudi, maana ulikuwa unaniziba macho.

Nakuambia haya leo kwa sababu nimesikia mnagombana. Kaka yangu, baba yenu, hajamaliza hata miezi sita kaburini, na lile kopo la biskuti alilowaachia, lenye picha za vita ya Kagera, limeshawagawanya. Mkubwa wenu anasema zichomwe, eti picha za bunduki na watu wasiojulikana ni mkosi ndani ya nyumba. Mdogo wenu anasema mzipige kwa simu, mziweke kwenye kundi la familia, kisha makaratasi yatupwe. Na wewe umepanda mpaka hapa Maretadu, ukanipa shikamoo yako vizuri, ukanywa uji wangu, ndipo ukaniuliza, "Shangazi, tufanyeje?" Basi kaa. Nitakujibu, ila si haraka. Magoti yangu yameacha haraka siku nyingi, na mdomo umefuata magoti.

Babu yenu alichukuliwa kwenda vitani akiwa mgambo. Akarudi mzima, akaishi miaka michache, kisha ugonjwa wa kifua ukamchukua. Habari za vita hakuzisema. Ukimuuliza, alianza kuzungumzia mahindi. Picha alizorudi nazo alizifungia ndani ya kopo hilo, na mimi niliziona kwa mara ya kwanza tulipokwisha kumzika. Moja ilikuwa nzuri kuliko zote: wanaume wanne wamesimama mbele ya lori, wamevaa magwanda, na baba yuko wa pili kutoka kushoto, anacheka. Baba kucheka! Nyumbani kwetu hilo lilikuwa kama mvua ya Agosti. Niliipenda picha ile mpaka nikaiharibu.

Wakati huo nilikuwa najifunza kushona Katesh, kwa fundi mmoja mkali sana. Mkasi wake wa vitambaa hakutaka kabisa uguse karatasi, maana karatasi huua makali. Kwenye baraza hiyohiyo palikuwa na mpiga picha. Nikampelekea ile picha, nikamwambia nataka baba akuzwe, awekwe kwenye fremu, tumtundike ukutani kabla ya misa ya kumwombea.

"Nikuze wote wanne," akaniambia. "Wanapendeza pamoja."

Nikamjibu kwamba wale watatu siwajui, sasa watafanya nini kwenye ukuta wa mama yangu? Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikumuuliza mtu yeyote, hata mama. Fundi alipokwenda kuswali adhuhuri, nikachukua mkasi wake uleule uliokatazwa. Nilikata vizuri, sitasema uongo, mkono wangu ulikuwa umenyooka. Nikamwachia mpiga picha kipande cha baba. Vipande vya wale wengine nikavitumbukiza kwenye pasi ya mkaa, vikashika moto, nikafunika, nikaendelea kupiga pasi sketi za shule.

Picha ikatundikwa. Kila aliyeingia aliisifu, na mimi nilikuwa natafuta sababu ya kupita karibu ili nisifiwe pamoja nayo.

Ikapita miezi mitatu hivi. Asubuhi moja tukasikia hodi. Alikuwa mama mmoja wa Kibarabaig, mtu mzima, mikono ina bangili za shaba, miguu imejaa vumbi. Alikuwa ametoka Hirbadaw, ametembea siku mbili, amelala njiani kwa watu. Mama yangu akamkaribisha, akampa maziwa ya mgando. Salamu za kwetu unazijua, hazikimbizwi. Zilipokwisha za watu, na za mifugo, na za mvua, akaeleza kilichomleta.

Mwanawe, Gidamis, alikwenda vitani pamoja na baba. Hakurudi. Baba ndiye aliyempelekea habari hizo, na alimwambia: tulipiga picha pamoja, amenishika begani, nitakuletea uione. Kisha baba akaugua, na baada ya hapo akafa.

"Mimi sina picha yake hata moja," yule mama alisema, Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu. "Na sura yake imeanza kunipotea. Naamka naitafuta. Napata pua, macho siyapati. Nimekuja nimuone tu, halafu niende."

Niliishusha fremu ukutani, nikampa. Ningefanya nini kingine? Akaangalia, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Ni baba yako huyu. Wengine wako wapi?"

"Niliwakata, mama."

"Umewaweka wapi?"

"Niliwachoma."

Hakupiga kelele. Laiti angenichapa, ningepona mapema. Mama yangu alinitazama kana kwamba ananiona kwa mara ya kwanza, maana hata yeye alikuwa hajui. Yule mgeni akaiinamia picha, muda mrefu. Kwenye bega la baba palikuwa pamebaki vidole vinne vya mtu aliyemshika. Mimi nilikuwa nimeviona siku zote na kuviona si kitu. Yeye akaweka kidole chake juu ya kioo.

"Hiki kilikatika ncha," akasema. "Kamba ya ndama ilikikata, alikuwa mdogo, hivi. Huyu ni Gidamis."

Akalia. Mama yangu akakaa chini akalia naye. Mimi nilisimama pale kama gogo, hata kulia sikujiona nina haki.

Alipokwisha kujifuta uso, akaniita. "Binti, baba yako alikuwa na ng'ombe wa watu zizini?"

Kwetu huku ni kawaida, unajua. Mtu humkabidhi mwenzake ng'ombe amtunzie, hata wa kijiji cha mbali, ili balaa ikipita zizi moja isiwamalize wote. Nikamwambia alikuwa nao wawili.

"Maziwa mlikunywa?"

"Tulikunywa."

"Samadi mlipeleka shambani?"

"Tulipeleka."

"Na baba yenu alipokufa, nyie watoto hamumjui mwenye ng'ombe, mliwachinja?"

"Hapana, mama. Tuliuliza kwanza ni wa nani."

"Basi," akasema. Nimeishi na hilo "basi" zaidi ya miaka arobaini.

Siku aliyoondoka, mama yangu aliitoa picha kwenye fremu, akaizungushia kipande cha khanga, akampa. "Mume wangu nilimuona miaka mingi," alimwambia. "Wewe nenda na mkono wa mwanao." Ndiyo maana hamkuwahi kumuona babu yenu akicheka ukutani kwetu. Na ndiyo maana baba yenu alinificha kopo lile mpaka anaingia kaburini. Alifanya vyema. Ningekuwa yeye, ningenificha na mikasi yote ya nyumba.

Lakini kinachoniumiza mpaka leo ni wale wawili wengine. Majina yao sikuyajua, sura zao nazisahau, na mimi ndiye mtu wa mwisho kuwaona. Labda nao walikuwa na mama mahali aliyeambiwa kuna picha Maretadu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga mwenyewe, mchana, nikiwa najisifia mkono ulionyooka.

Sasa nasaha yangu ni hii, ukawaambie na ndugu zako. Msichome hata moja. Mwambie mkubwa wenu mkosi hauko kwenye picha, na kama anaogopa kulala nazo nyumbani kwake, aniletee mimi, nitalala nazo. Picha hizo hamkupewa ziwe zenu peke yenu. Mmekabidhiwa. Kila uso ulio humo una watu wake.

Simu ya mdogo wenu ina kazi, sikatai. Azipige zote, akazionyeshe. Ila asizirushe mitandaoni kabla hamjauliza, maana mtu anaweza kukutana na baba yake marehemu akiwa ndani ya basi, hana wa kumshika mkono. Anzeni na wazee waliokwenda vitani. Wamebaki wachache, na mwakani watakuwa wachache zaidi. Nendeni Katesh siku ya mnada, nendeni Hirbadaw, kaeni chini, nyweni mnachopewa, ndipo mtoe picha. Ukiambiwa jina, liandike nyuma kwa penseli, polepole, wino hupenya. Mwenyewe akipatikana, mpe ile ya karatasi, nyinyi mbaki na ya simu. Asipopatikana, endeleeni kutunza.

Nimesikia kuna moja ya mtu aliyelala kando ya barabara, na hakulala usingizi. Hiyo msiwaonyeshe watoto. Itieni kwenye bahasha yake peke yake. Zaidi ya hapo sijui, shangazi yako hajui kila kitu. Najua tu kwamba hata kama alikuwa wa upande wa pili, alizaliwa na mtu.

Haya, nenda kabla jua halijakuwa kali. Mungu akupe miguu ya kufika kwenye nyumba hizo, na ulimi mpole ukishafika. Akupe subira ya kukaa na watu wakilia, usiwakimbie. Na siku utakapokuwa na wewe sura tu kwenye karatasi, mwanangu, asikosekane hata mmoja wa kusema: huyu namjua, huyu ni wetu.