Jina Lililokosekana kwa Barua ya Chifu

Wanjira Waithaka alikuta lango la baba yake Kitisuru limetiwa kufuli jipya. Mlinzi asiyemjua alichungulia.

"Madam, nimeambiwa hii ploti imepata mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani, na mimi nimelala hapa hadi mwezi jana?"

Mlinzi akarudi ndani.

Wanjira alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alifanya kazi River Road, kwa chumba cha juu ambako walichapa vijitabu vya mazishi. Ndoa yake ilipovunjika, Mzee Waithaka alimpokea bila swali hata moja. Kisha mzee akapigwa na kiharusi, na kwa miaka mitatu Wanjira ndiye aliyemwogesha na kumlisha uji. Kaka yake, Njuguna, alikuwa akija Krismasi tu.

Mzee alifariki bila wosia. Njuguna akasema, "Wewe umechoka. Mambo ya korti niachie." Kweli alikuwa amechoka, akamshukuru. Kila alipouliza baadaye, alijibiwa kwamba faili bado iko kortini. Mwezi uliopita Njuguna alimwomba ahame kidogo, eti paa lirekebishwe.

Wanjira akampigia simu palepale langoni.

"Wanjira, wewe uliolewa," Njuguna akasema.

"Nikaachika, nikarudi. Baba alinipokea."

"Basi kamuulize baba."

Jumatatu alienda mahakamani, akaomba kuiona faili. Karani alimpa bila maneno mengi. Ndani mlikuwa na barua ya chifu iliyoorodhesha watoto wa marehemu. Mtoto alikuwa mmoja. Aliisoma tena, akidhani ameruka mstari. Akakaa kwa benchi mpaka watu wakaanza kutoka kwenda lanchi.

Wakili aliyemchukua, Mbithe, alikuwa mwanamke wa maneno machache. "Msimamizi wa mirathi si mwenye mali," alimwambia. "Anaishika kwa niaba yenu nyote. Alipaswa kukutaja, kupata idhini yako, na kukueleza kila hatua. Kuolewa hakukuondolei haki. Lakini amekufuta, kwa hivyo tuanze kwa kuonyesha kwamba wewe ni mtoto."

"Kijitabu cha mazishi ya baba nilikichapa mimi. Sote wawili tumo."

"Nani alikikagua?"

"Njuguna. Jina langu lilikuwa limekosewa, akalisahihisha kwa kalamu nyekundu. Hiyo karatasi ninayo."

Kesi ilichukua miezi kumi na minne. Siku jaji alipoinua ile karatasi na kumuuliza Njuguna kama ule mwandiko ni wake, Njuguna alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. "Ni wangu," akasema. Wanjira alitarajia kufurahi. Badala yake alitaka mtu amletee kaka yake kiti.

Ule usimamizi wa Njuguna ukafutwa, wakateuliwa wote wawili. Uuzaji wa ploti alioufanya Njuguna ukasimamishwa, maana hati ya ardhi ilikuwa bado kwa jina la mzee. Lakini mnunuzi alikuwa ameshabomoa nyumba kabla ya zuio la kwanza la korti. Wanjira aliingia na amri yake mkononi akakuta mawe, mabati, na beseni la plastiki alilokuwa akimwogeshea baba, limepasuka katikati. Alizunguka akijaribu kukumbuka mlango ulikuwa wapi. Hakuweza.

Njuguna alikoma kumsalimia. Karatasi za mirathi walizitia sahihi siku tofauti, kupitia mawakili.

Agosti akapigiwa simu na Debra, mke wa Njuguna. Binti yao, Shiru, ambaye Wanjira alimlea utotoni wazazi wake wakiwa kazini, alikuwa anaolewa Jumamosi kwa kanisa moja la Parklands.

"Auntie Wanjira, naomba usije," Debra akasema kwa sauti ya chini. "Njuguna amesema ukiingia, yeye anatoka."

Wanjira aliketi juu ya boksi la karatasi. Mashine za kuchapa zilikuwa zikinguruma, akaziba sikio la pili kwa kidole.

"Shiru atavaa gauni gani?"

"La mamangu. Tumelipunguza kiunoni."

"Litampendeza," Wanjira akasema, na Debra akakata simu.