Maji na Mawe ya Kijani

"Babu zenu wa Maji Maji walidhanije maji yatazuia risasi?" mwalimu aliniuliza, darasa zima likacheka.

Harufu ya mtama ulioloweshwa bado hunirudisha uani kwa bibi, jioni ile nilipomsimulia swali la mwalimu. Babu yake alinyunyiziwa dawa ya maji na mtama, akaenda vitani, asirudi.

"Kamuulize mwalimu wako, mjukuu wangu," bibi alisema bila kuacha kutwanga. "Mjerumani ana bunduki, yeye mwalimu ana mkuki tu. Angejipaka nini?"

Kesho yake nilimuuliza mwalimu. Alinipigisha magoti juani hadi adhuhuri, sikuomba radhi.

Chuo kikuu nilisoma kwamba wana wa wafalme wa China, enzi ya Han, walizikwa wamevikwa mawe ya kijani yaliyoshonwa kwa nyuzi za dhahabu, ili miili isioze. Ilioza. Kitabu kiliyaita mavazi hayo sanaa, si ujinga.