Musoma hadi Mwanza, Viti Viwili

Mtu akiniambia kwamba kutoka Musoma hadi Mwanza kwa ndege ni karibu, huwa sibishi. Ni kweli, hata saa nzima haiishi. Lakini katika safari zangu zote, ile ndiyo iliyonichosha.

Nilikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji huko Itiryo, mtu wa Lushoto niliyepangiwa Tarime miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Siku moja aliletwa mama wa Kikurya, tumbo limevimba, utumbo umejisokota. Wanawe wa kiume walikuwa mbali na mifugo, na bintiye alikuwa amejifungua juzi, kwa hiyo aliyemsindikiza ni mkwewe, mume wa huyo binti. Kwao mkwe hamsogelei mama mkwe. Hamtazami usoni wala hali chakula mbele yake. Katika Landrova haikuwa tabu: mama alilala nyuma pamoja nami, yeye akakaa mbele na dereva. Kwenye kivuko cha mto pale Kirumi alisimama mwisho kabisa, ametugeuzia mgongo.

Hospitalini Musoma daktari mpasuaji hakuwepo. Tukaambiwa kuna ndege ndogo inakwenda Mwanza, nafasi mbili tu, ya mgonjwa na ya mtu wa kumsemea, maana mama hakujua Kiswahili. Mkwe akachungulia ndani. Viti viwili vilikuwa vimebanana.

"Sista, magoti yatagusana," akasema.

"Ni muda mfupi tu, ndugu yangu."

"Hata kama ni mfupi kama kupiga chafya."

Nilikasirika, nikamwita mpumbavu mbele ya rubani. Akaenda kutafuta lori la Mwanza, nikapanda ndege mimi badala yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege, na kwa uchovu nilisinzia, hata ziwa sikuliona.

Hospitalini Mwanza sikuwa na faida yoyote. Kikurya changu kilikuwa cha salamu na cha kumeza dawa. Daktari alipomwonyesha kwa ishara kwamba atampasua, mama alishika kingo za kitanda kwa mikono miwili, akatikisa kichwa. Tulitafuta Mkurya wodi nzima, tukakosa. Daktari akaniambia utumbo ukioza, basi tena. Nilimbembeleza mama mpaka sauti ikakauka, kisha nikakaa sakafuni nikimlaani mkwe na mila zake.

Lori lilimleta kesho yake asubuhi, vumbi limejaa hadi kwenye kope. Hakuingia wodini. Alisimama nje ya dirisha, mgongo ukutani, nikamweleza habari ya upasuaji, naye akasema maneno machache ya Kikurya kwa sauti ya chini. Mama akageuza kichwa. Wakazungumza hivyo, ukuta katikati, kwa upole ambao sijausikia sana kwa watu wanaotazamana. Niliona aibu, na nilikuwa nimechoka mno hata kuificha.

"Amekubali?" daktari akauliza.

"Amekubali," mkwe akajibu kutoka nje. "Ila anasema nimetoka mbali, nile kwanza."

Nikakimbia kutafuta ugali na dagaa. Alikula amesimama, ameupa ukuta mgongo, machozi yanamtoka. Ndani, mama aling'ang'ania kitanda mpaka nilipoingia na kumwonyesha sahani tupu, ndipo akaachia mikono wamsukume hadi chumba cha upasuaji.