Malkia Niliyemwona

Moshi wa maganda makavu ya kakao una utamu kidogo, kisha unakwama kooni. Kila nikiusikia, hata ukitoka jikoni kwa jirani, nakuwa tena na miaka kumi, nimesimama nyuma ya nyumba yetu Kyela, kando ya migomba, mbele ya mzinga ulioletwa kutoka Ikombe, kijiji cha mama kando ya ziwa. Mzinga huo ulikuwa wa babu, baba yake mama. Babu alipofariki, mama hakutaka shamba wala ng'ombe. Alitaka nyuki wa baba yake tu. Mjomba, mdogo wake wa mwisho, ndiye aliyeziba mlango wa mzinga kwa kitambaa, akaupakata ndani ya mtumbwi kwenye mawimbi ya mwanzo wa masika, kisha akaupandisha gari hadi kwetu. Mama alipouona alishindwa hata kusema ndaga, asante yetu ya nyumbani. Aliweka kiganja juu ya ubao akalia.

Baada ya wiki moja mjomba alirudi kuukagua. Mzinga ukihamishwa, alinieleza, jambo la kwanza ni malkia. Akifa njiani, wengine wote wanangoja kufa tu. Mama alikuwa shambani akipalilia mpunga, kwa hiyo tulikuwa wawili. Mjomba alipuliza moshi, akainua kimoja kimoja vile vijiti vya juu vinavyoshika masega, na kwenye sega la nne akaninong'oneza, "Huyo." Nilimwona. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, tumbo lake rangi ya asali, na wenzake wakimpisha kama mkamwana anavyompisha baba mkwe.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilikuwa na kiherehere mimi, acha tu. Siku tatu baadaye, mama akiwa sokoni, niliwasha maganda ya kakao kwenye kopo, nikafungua mzinga mwenyewe ili nimwone tena. Simwoni. Nyuki wawili wakanidunga mkononi, nikaharakisha kufunga, nikavisukuma vijiti vibanane, na katikati ya viwili nikahisi kitu laini kikipondeka. Nilivitenganisha. Lilikuwa lile tumbo refu. Nilimfunga kwenye kipande cha jani la mgomba, nikachimba kishimo kwa kidole, nikamfukia, nikaenda kuosha vyombo.

Wakati mwingine nyuki hujilelea malkia mwingine, lakini wetu hawakufanikiwa. Mjomba alipokuja mwezi uliofuata, mama akiwepo safari hii, mzinga ulipofunguliwa ulitoa mvumo ambao mpaka leo sijausahau. Haukuwa ule wa kazi. Ulikuwa mrefu, wa chini, kama wanawake wanaolia ndani ya nyumba iliyofungwa. Masega yalikuwa matupu, hakuna yai wala mtoto. Mama alimwambia mjomba kwamba amemuua malkia mtumbwini kwa uzembe, kama alivyozembea baba yao alipougua. Kumbe hilo la babu lilikuwa limemkaa moyoni siku zote. Mjomba hakufoka. Alinigeukia mimi.

"Muulize mtoto, dada. Tulimwona wote wawili. Alifika mzima."

Mama akaniangalia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na nilijua likitoka litafuatwa na swali la pili. Niliuficha nyuma mkono uliodungwa, ingawa uvimbe ulikwishapona zamani.

"Sikumwona," nikasema.

Mjomba alinitazama kidogo, akaufunga mzinga taratibu, akaondoka. Hakukanyaga kwetu tena. Miaka michache baadaye tulimzika Ikombe, na mama alikaa nyuma kabisa msibani, utadhani ni jirani aliyepita kutoa pole.

Leo nina mizinga yangu sita, na mama naishi naye. Macho yake yamechoka, lakini masikio ni mazima. Ninapohamisha mzinga na kuufungua kuukagua, nahisi mjomba yuko nyuma ya bega langu, anangoja nijibu. Naogopa kugeuka, mtu mzima mimi. Kisha mama anauliza kutoka barazani kama malkia yupo.

"Nimemwona, mama."

Neno linatoka kirahisi kabisa siku hizi. Naye mama hutikisa kichwa, akisema laiti mdogo wake angekuwa na mkono mwangalifu kama wangu.