Baba mkwe alinifundisha kuosha chandelier akiwa amenipa mgongo

Wakuu, salamu kutoka Nyaramba, Nyamira.

Nimekaa humu miezi mingi nikisoma tu za wengine, leo acha na mimi nitoe yangu. Haya niliyaona na kuyashika kwa mikono hii. Kama kuna mahali naongeza chumvi basi ni kwa mboga, si hapa.

Nimeona uzi wa wale mnaojenga, mnabishana ni chandelier gani inafaa sitting room. Nikacheka peke yangu. Mimi nilikuwa na chandelier mwanzoni mwa miaka ya sabini, kijijini, na stima hatujui inafanana aje.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka mmoja tu tangu niolewe. Shule niliachia darasa la saba, lakini ndoto nilikuwa nazo za kujaza gunia. Nilitaka nyumba yenye mapazia, vikombe vinavyofanana, mgeni akiingia ashike mdomo.

Mume wangu Momanyi alikuwa amemaliza kutujengea nyumba ya mabati, vyumba vitatu na veranda. Kwangu hiyo ilikuwa ikulu.

Sasa baba mkwe. Huyu mzee alifanya kazi ya nyumbani kwa mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Sotik, miaka mingi kabla ya uhuru. Kwa hiyo nyumba kulikuwa na taa kubwa ya kuning'inia. Ya shaba, mikono sita, kila mkono unashika mshumaa, na vioo arobaini na nane vinaning'inia kama matone ya mvua kwa ukingo wa bati.

Kuiosha ilikuwa kazi yake.

Mzungu alipouza shamba arudi kwao, mama wa hiyo nyumba alimwambia mzee, "Wewe umeishika kuliko mimi. Ichukue."

Akaibeba kwa gunia, imezungushiwa majani makavu ya migomba, siku mbili kwa miguu. Hakuna kioo hata kimoja kilichovunjika. Nyinyi mkituma sahani kwa parcel inafika vipande.

Lakini nyumba yake ilikuwa ya nyasi, paa chini, moshi umejaa. Angeitundika wapi? Ikakaa kwa gunia karibu miaka kumi. Sisi tulipoezeka mabati, akamwambia Momanyi, "Hiyo taa ni yenu."

Wiki nzima sikutulia. Nilikuwa nakata mboga huku nimeangalia juu, mahali itakaa.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale wasio Wagusii. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii tu. Na mimi mke wa mwanawe simpi mkono, simtazami usoni, hatupigi story. Si chuki, ni heshima, tunaiita chinsoni. Kukiwa na neno, linapitia kwa mama mkwe.

Tuendelee.

Macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Hospitali ya misheni wakampa siku ya kupasuliwa, Jumatatu, na hawakumwahidi kitu. Mama mkwe aliniambia tukiwa tunachuma chai.

"Mzee anasema ameosha hiyo taa miaka mingi na hajawahi kuketi akaitazama ikiwaka. Ikiwaka, yeye yuko jikoni. Anataka aione mara moja kabla hawajamkata macho. Anaona kama baada ya hapo ni giza."

Nikamwambia, "Ataiona, mama."

Nilijibu haraka hivyo, moyo ukiniuma. Sikufikiria ataionaje ikiwa ndani na yeye haingii.

Siku tuliyokuwa nayo ni Ijumaa peke yake. Sisi ni Wasabato. Jua likitua Ijumaa, kazi imeisha mpaka Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi na mapema mzee yuko safarini.

Basi Ijumaa hiyo nikafungua gunia. Wakuu, vioo vilikuwa vimeganda nta ya mishumaa, na juu yake vumbi la miaka yote hiyo. Nikavitoa vyote kwa vikulabu vyake, nikavimwaga kwa karai moja, nikachukua jivu nikaanza kusugua. Si ndivyo tunaosha sufuria?

Mzee alikuwa uani, ameketi kwa kigoda, ameupa mlango wetu mgongo. Mama mkwe karibu naye anaambua maharagwe. Mimi niko ndani kidogo ya mlango, hatua kama tano.

Nikasikia, "Mama Momanyi, kuna mtu anasugua kioo na jivu."

"Ni mokamwana wako."

"Mwambie aache. Jivu linakwaruza."

"Amesikia. Masikio anayo."

"Mwambie tu."

Mama mkwe akageuza shingo. "Mokamwana, unaambiwa uache jivu."

"Nimeacha, mama."

"Ameacha."

"Nimesikia," mzee akasema.

Hivyo ndivyo masomo yalivyoenda asubuhi nzima. Mimi nasikia kila kitu mara mbili, na yeye anasikia majibu mara mbili. Mama mkwe alichoka akasema anataka mshahara wa karani.

Maji yawe vuguvugu, si moto, moto unapasua kioo. Nta haikwanguliwi na kisu, inalowekwa mpaka iachie yenyewe. Sabuni kidogo sana. Kitambaa kimoja cha maji, kingine kikavu, na visichanganywe. Vidole vinaacha mafuta, kwa hivyo yeye alikuwa anavaa glavu za pamba. Mimi glavu ningetoa wapi? Nikavaa soksi za Momanyi mikononi, zile nyeupe za kanisa. Taa ikiwa imetundikwa usiizungushe kuosha upande wa pili, zunguka wewe. Na chini utandike blanketi.

Wakuu, vile vioo vilivyoanza kutoa rangi nilisahau hata kula. Niliinua kimoja kwa mlango, nikaona nyekundu na kijani kwa ukuta wangu wa udongo. Nikakaa nacho hapo kama mtoto.

Halafu mzee akauliza, "Mama Momanyi, amevipanga aje?"

Nikaangalia lile karai.

Mama mkwe akachungulia karai. "Havijapangwa. Vyote viko pamoja kama githeri."

Kumbe kila kioo kilikuwa na mahali pake, na mimi nimevichanganya vyote arobaini na nane. Machozi yalinijia. Nilijua nimemharibia.

Baadaye mzee akasema, "Niletee kwa uteo."

Mama mkwe akampelekea. Yule mzee akaanza kushika kimoja kimoja, macho amefunga. Chenye tundu moja, ni cha mwisho chini. Chenye matundu mawili, cha katikati. Hiki kizito, mkono wa juu. Akavipanga kwa mafungu, kila fungu kwa jani lake la mgomba. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Sijawahi kumsikia akiimba tena isipokuwa kanisani.

Saa tisa mvua ikashuka, ile ya kwetu isiyokosa. Mzee akasogea chini ya veranda yetu, ambayo haihesabiwi kuwa ndani, bado ametupa mgongo. Mabati yakapiga kelele mpaka mama mkwe akawa anapiga mayowe kupeleka maneno. Saa kumi na moja ikakatika.

Momanyi akaja na ngazi, akaingia moja kwa moja sitting room. Juu ya meza, pale nilipomwonyesha tangu mwezi uliopita.

Nikaangalia ule mgongo wa mzee pale veranda. Koti limelowa mabegani.

Nikasema, "Momanyi, itundike hapa nje."

"Nje wapi?"

"Veranda."

"Wewe mwanamke. Si umenisumbua na hiyo meza mwezi mzima? Hapa kuku watalala juu yake."

"Basi walale."

Mama mkwe akacheka hadi maharagwe yakamwagika. Mzee akaacha kuimba.

Tukaifunga kwa boriti ya veranda na mnyororo wa ng'ombe, tukavirudisha vioo fungu kwa fungu. Mkeka tukautundika upande wa upepo. Momanyi akawasha mishumaa sita, jua likiwa limebaki kidogo tu juu ya kilima.

Mama mkwe akamwambia, "Haya, geuka."

Akageuka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, naona kwa upenyo.

Alitoa kofia, akaketi, akaangalia juu. Rangi zilikuwa zinatembea kwa shati lake na kwa mikono yake. Majirani wakaanza kusimama kwa ua mmoja mmoja. Tukaimba wimbo wa kufungua Sabato. Yeye hakuimba, alikuwa anaangalia tu.

Wimbo ulipoisha akasema, "Mama Momanyi, mkono wa tatu una giza. Kuna kioo kimesahauliwa."

Nikaangalia. Kweli. Nikaingiza mkono kwa zile soksi nilizovua, kile nilichoinua mlangoni kiko huko.

"Jua limetua," mama mkwe akasema. "Hakiguswi."

"Basi kikae huko kwa soksi." Akavaa kofia. "Nikirudi nitakitundika mwenyewe."

Na alikitundika. Jicho la kushoto lilikataa, la kulia likarudi. Alisimama kwa ngazi, Momanyi amemshika miguu, mimi nyuma ya pazia langu.

Sitting room yangu haijapata chandelier mpaka leo, na sijawahi kujuta. Nilijifunza kwamba kitu kizuri ukikiweka mahali anayekipenda hawezi kufika, umekificha tu. Mila si lazima uivunje. Wakati mwingine unasogeza taa.

Na jivu msitumie, tafadhali.

Sasa nyinyi wenye chandelier za stima niambieni, mnaosha na nini, na nani alikuwa wa kwanza kuketi chini yake? Andikeni hapa chini, nitasoma zote. Wale wa kucheka soksi pia karibuni.