Mkono wa Profesa wa Bure

Dada yangu ndiye aliyeunda programu ya kompyuta ya kukokotoa takwimu za uchumi, akaiweka mtandaoni yeyote aichukue bila kulipa. Mtaani tulimwita Profesa wa Bure, kwa mapenzi. Mumewe alimwita hivyo kwa kejeli.

"Unahangaika na wanaume usiowajua, mimi nalala njaa!" alikuwa akifoka. Njaa gani, na kitambi kile!

Jumapili moja alimkuta dada mezani akirekebisha kosa lililoripotiwa na mtumiaji. Akamburuta kwa nywele hadi jikoni, akaupigiza mkono wake kwenye ukingo wa sinki mpaka mfupa ukalia ka! Mimi ni fundi wa kuchomelea, na hasira zangu ziko karibu. Nilipopata habari nilimfuata shemeji na bomba la chuma, nikamtandika begani, nikamtandika mbavuni. Akaning'ata sikio, damu ikanilowesha shati. Majirani wasingetutenganisha, ningemmaliza.

Kutoka hospitali tulimpeleka dada kwa mama, mkono umefungwa plasta. Mama akamwambia, "Sema umeteleza bafuni. Mkono utapona, mwanangu. Ndoa je?"

Niliogopa kuliko siku zote, maana akirudi kule, safari hii itakuwa shingo.

Programu za namna ile zina utaratibu wake. Kosa huandikwa kwenye ukurasa wa wazi, na mwenye programu hujibu hapohapo, kila mtu akisoma. Kumbe kosa la Jumapili ile liliripotiwa na ofisi ya shemeji mwenyewe, na kazi yao ilikuwa imekwama.

Siku chache baadaye shemeji akaja kwa mama, mpole, ameshika mbavu.

"Mke wangu, bosi amenikaba koo. Anasema programu ni yako. Irekebishe, halafu twende nyumbani."

"Umeusoma ukurasa?" dada akamuuliza.

"Bado."

Nikamwekea kompyuta magotini. Asubuhi ile dada alikuwa ameandika kwa mkono wa kushoto, kwa jina lake kamili: "Samahani kwa kuchelewa. Mume wangu amenivunja mkono wa kulia. Nikipona nitarekebisha."

Chini yake bosi alikuwa ameshajibu: "Pole sana, mama. Tumemtuma mumeo kwako tukiwa hatujui. Tutasubiri upone. Yeye asirudi ofisini mpaka tumwite."

Shemeji akamgeukia dada. "Umenianika mbele ya dunia nzima!"

Akanyanyua mkono ampige. Mama, aliyekuwa akisoma nyuma yake, akamzaba kibao hadi kompyuta ikaanguka sakafuni.

"Toka kwangu," mama akasema. "Mwanangu harudi."